Shujaa wa Buti Mbili za Kushoto

Benchi la nje ya saluni ya kinyozi lina miguu minne: mitatu ya mbao, mmoja wa tofali. Kulia kwake kuna kibanda cha Dada Vocha, anayeuza vocha za simu na maneno, vocha kwa bei, maneno bure. Kushoto kuna meza ya fundi viatu, aitwaye Gundi, na hakupewa jina hilo kwa sababu ya kopo lililo mezani kwake, ila kwa sababu akishika hoja habanduki. Mwenye benchi ni kinyozi mwenyewe, aitwaye Spika maana ndiye anayemimina kahawa na ndiye anayeamua nani aseme. Wengine wawili ni Mwalimu, mstaafu aliyeiacha chaki lakini chaki haijamwacha, na Kamusi, fundi bomba anayezijua methali zote na hajui hata moja inatumika wapi. Benchi lina sheria moja kuu. Jambo likibishaniwa, kila mtu huweka kikombe chake kwenye ubao ulio mbele yao: anayeunga mkono hukisimamisha, anayepinga hukifudikiza. Ukipinga na ukataka kunywa, utakiinua, utamiminiwa, utakunywa, kisha utakifudikiza tena. Chupa ya kahawa ikikauka mjadala umekwisha. Vikombe huhesabiwa kama vilivyo, na rufaa hakuna. Ijumaa moja, saa tisa alasiri, chupa ilikuwa imejaa mpaka shingoni, na kati ya vikombe vitano, vinne vilikuwa vimelala kifudifudi. Kimoja tu kilisimama. Kilikuwa cha Gundi.

— Hoja ni hii, — Spika alisema, akigonga chupa kwa kitana. — Kesho saa kumi, televisheni ya saluni ionyeshe nini? Mwalimu ameomba marudio ya fainali. Gundi ameomba katuni.

— Si katuni, — Gundi alisema. — Ni anime.

— Ni nani?

— Anime. Za Kijapani. Binti yangu ndivyo anavyoziita.

— Ukimwita mbuzi jina la kizungu atatoa maziwa ya ng'ombe? — aliuliza Mwalimu. — Nimefanya utafiti, mheshimiwa Spika. Hiyo anayoitaka inatukanwa hata na wanaozipenda. Wamekaa huko kwenye mitandao, wameipa alama mbili juu ya kumi. Mbili! Mimi mwanafunzi akipata mbili juu ya kumi nilikuwa namwita mzazi wake.

— Na hiyo fainali yako, — Gundi alijibu, huku akivuta uzi wenye nta katika soli ya kiatu cha mtu, — tulifungwa ngapi?

Mwalimu alikohoa.

— Tatu.

— Kwa?

— Bila.

— Kwa hiyo unataka tukae hapa kesho tufungwe tena tatu zile zile.

— Yaliyopita si ndwele, — Kamusi alidakia, — ndiyo maana lazima tuyatazame upya!

Dada Vocha alicheka mpaka akaegemea dirisha la kibanda chake. Gundi hakucheka. Hakuwa mtu wa kucheka, kila mmoja pale alilijua hilo. Ndiyo maana kisa cha Jumanne kilikuwa kimewatikisa.

Jumanne, saa nne asubuhi, Gundi alikuwa peke yake mezani, msharasi wa kutobolea ngozi mkononi, simu imesimamishwa kwenye kalibu, ule mguu wa mbao wa kuundia viatu. Watu wa benchi wakasikia sauti wasiyoijua. Spika alidhani ni paka amebanwa mlango. Walipogeuka walimwona Gundi amejikunja kama mtu anayeumwa tumbo, machozi yanamtoka, mabega yanaruka. Goti lake likagonga meza, kalibu ikaanguka, na simu ikatumbukia kwenye ndoo ya kulowekea ngozi. Blup. Aliitoa, akaikung'uta, akaizika kwenye mchele siku mbili. Haikufufuka. Na hata alipokuwa anaikung'uta, alikuwa bado anacheka.

Ndivyo ilivyojulikana kwamba Gundi anatazama katuni. Lakini kilichokuwa hakijulikani, na Gundi hakuwa na nia ya kukisema, ni hiki: binti yake, anayesomea uuguzi mji mwingine, alikuwa anakuja kesho kwa siku moja, na Jumapili alfajiri anarudi wodini. Kwa miaka miwili, tangu alipokataa kurithi meza ya viatu na baba akanuna, maongezi yao ya simu yalikuwa kama ya watu wanaogombea kukata mapema. Umekula? Nimekula. Hali ya hewa? Ipo. Haya. Haya. Kisha siku moja binti akamtumia kipande cha ile anime, na chini yake neno moja: "Tazama viatu, baba." Gundi akatazama viatu. Tangu siku ile, kila jioni, yeye kwa simu yake na binti kwa simu ya mwenzake wa chumbani, walitazama sehemu moja, kisha wakapigiana kuelezana upumbavu wake, na mazungumzo yakawa ya saa nzima. Sehemu ishirini na tatu. Ya ishirini na nne ndiyo ya mwisho, na hiyo waliwekeana ahadi: tutaitazama bega kwa bega. Televisheni ya nyumbani iliuawa na umeme uliorudi kwa hasira. Simu ilifia ndani ya mchele. Ilibaki televisheni ya Spika.

Angeweza kuwaambia. Wangempa, wangempa hata na mto wa kukalia. Lakini Gundi aliona kuombea kitu cha kuchekesha kwa kuliza watu ni sawa na kushona buti kwa uzi wa nguo. Kama ile anime inachekesha, ishinde yenyewe.

— Haya, — Spika alisema, akimimina mzunguko wa kwanza. Vikombe vinne vikainuliwa, vikajazwa, vikanywewa, vikafudikizwa, tap, tap, tap, tap. — Mleta hoja, tueleze. Inahusu nini?

— Kuna kijana, mhudumu wa duka. Siku moja anaingia kuoga, anakanyaga sabuni, anaanguka, anakufa.

— Inna… — alianza Kamusi, akavua kofia. — Na wewe unacheka?

— Subiri. Anaamka kwenye nchi ya uchawi, bado ana povu sikioni. Anakutana na msichana shujaa, amevaa deraya. Lakini deraya yenyewe inakinga mabega tu.

— Mabega tu? — Dada Vocha alishangaa. — Na tumbo?

— Tumbo liko wazi. Anakwenda vitani tumbo wazi, mabega salama. Sasa huyu msichana amejikwaa. Kijana anamwambia "pole." Basi! Anampenda mpaka kufa. Anahamia kwake.

— Kwa pole?

— Kwa pole.

— Mungu wangu, — Dada Vocha alisema. — Kwa idadi ya pole ninazopewa hapa dirishani ningekuwa nimeolewa na mtaa mzima.

— Wa pili ni binti mfalme, alimwokotea leso. Wa tatu ni joka. Alimkuna mgongo, likageuka mwanamke. Wa nne ni mchawi wa miaka mia nne, huyo alimsalimia tu. Mpaka sehemu ya kumi wako kumi na mmoja, wote nyumba moja, wote wanamgombania, na yeye kila akiulizwa anampenda nani, anatokwa damu puani, anazimia.

— Umeona! — Mwalimu alisimama, kikombe chake kikatikisika kifudifudi. — Hiki ndicho ninachokipinga! Hadithi haina maadili, haina mantiki, mhusika mkuu hana tabia hata moja. Wanawake kumi na mmoja, hakuna mwenye kazi. Uchoraji wenyewe umechoka. Mtu anapanda farasi, farasi anakwenda, miguu ya farasi imesimama!

— Ndiyo! — Gundi alisema, na kwa mara ya kwanza akaweka kiatu chini. — Ndiyo, Mwalimu! Miguu imesimama! Farasi anateleza kama sanduku kwenye sakafu yenye sabuni! Wewe umeona na umekasirika. Mimi nimeona na nimeanguka chini. Jicho lile lile. Tofauti yetu ni wapi tumeipeleka hasira.

— Kazi mbovu haistahili kutazamwa.

— Mimi nimeishi kwa kazi mbovu miaka thelathini. Kila kiatu kinachofika mezani hapa, kuna mtu alikishona vibaya. Nisingejua kucheka na kazi mbovu ningekuwa nimekufa. Sikiliza, nikwambie nilichokiona mimi. Yule kijana, ambaye sasa ni shujaa mwenye upanga, anayeua mazimwi mia kwa pigo moja, amevaa buti. Nikazitazama. Nikasimamisha picha. Nikazitazama tena. — Gundi alivuta pumzi, maana midomo ilikuwa imeshaanza kumsaliti. — Zote ni za kushoto.

— Za nini?

— Za kushoto! Buti mbili za kushoto! Mchoraji kachora moja, kanakili, kabandika mguu wa pili. Anapanda mlima na kushoto mbili. Anacheza dansi ikulu na kushoto mbili. Mfalme anampa medali, kamera inapita taratibu kutoka kichwani mpaka chini, kwa heshima, muziki unalia… inafika kwenye viatu…

Hakuweza kumalizia. Mabega yakaanza kuruka. Benchi lote lilimtazama kama watu wanaotazama jiwe linapiga chafya.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, — Kamusi alisema kwa huzuni. — La kulia.

Hapo Dada Vocha akapasuka. Spika naye akapasuka, kahawa ikamtokea puani. Mzunguko wa pili ukamiminwa. Vikombe vikanywewa. Tap, tap, tap. Gundi alihesabu milio kwa sikio la fundi: mitatu. Akatazama. Dada Vocha alikuwa ameacha chake kimesimama.

— Mimi sijaiona hata dakika moja, — alisema, — lakini nimeshaielewa kuliko ninyi wote. Mnadhani wale wanawake wanampenda? Nyie! Kijana haulizi ulikuwa wapi. Hajibizani. Asubuhi anakwenda kupigana na joka, jioni anarudi msafi, na ukimsogelea anazimia. Huyo si mume. Huyo ni likizo. Wale wanawake kumi na mmoja ni marafiki, wamepata nyumba kubwa yenye utulivu, wanaigiza mapenzi ili wasifukuzwe. Yeye ndiye mpangaji!

— Hapana, dada yangu, hapana, — Kamusi alisema, akitikisa kichwa. — Umekaribia lakini umepita kona. Swali ni bafu.

— Bafu gani?

— Nyumba ile ina bafu moja. Wanawake kumi na mmoja, wa kumi na mbili ni yeye, na mmoja wao ni joka. Magamba! Nywele za mchawi, miaka mia nne ya nywele! Na bomba halijaziba hata siku moja. Mimi kwenye nyumba ya watu watatu naitwa kila mwezi. Haba na haba hujaza kibaba, sasa kibaba kile kinakwenda wapi? Nimelala nalifikiria. Jibu ni moja. Kijana yule uchawi wake si upanga. Uchawi wake ni mabomba. Ni fundi mwenzangu. Ndiyo maana wanampenda! Maji yanatoka ya moto muda wote, nani ataondoka?

Gundi alimtazama polepole.

— Kamusi, mimi sikusema kuna bafu moja.

Gundi akamsogelea.

— Umejuaje kuna bafu moja?

Kamusi alishika kofia yake, akaipindua, akatazama ndani kama jibu limeandikwa humo.

— Nilikuwa natengeneza sinki kwa mama wa ghorofani. Wanawe watu wazima wanaiangalia sebuleni. Mtu ana masikio.

— Sinki lile? — Dada Vocha aliuliza. — Lile lililochukua wiki mbili?

— Lilikuwa na matatizo mengi.

— Lilikuwa na sehemu ishirini na tatu!

— Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, — Kamusi alijitetea, na bila kueleza ngamani ni wapi, akasimamisha kikombe chake. Kusimamisha kulimfaa, maana Spika alikuwa akipita na mzunguko wa tatu.

Vilibaki viwili kifudifudi, cha Spika na cha Mwalimu. Gundi aliona vitatu vimesimama, na angeweza kunyamaza hapo. Lakini sheria ya benchi ilikuwa na mkia: televisheni ni ya Spika, na jambo la televisheni halipiti kwa wingi wa sauti, hupita kwa vikombe vyote. Kikombe kimoja kikilala, kesho saa kumi watafungwa tatu bila. Aliipima chupa kwa macho. Ilikuwa imeshuka chini ya nusu.

— Mheshimiwa Spika, — alisema, — wewe unapinga nini hasa?

— Mimi napinga kama mtaalamu. — Spika alisafisha kitana kwa ncha ya aproni. — Nywele za yule kijana. Anapigwa na dhoruba, hazitikisiki. Anavutwa na joka angani, hazitikisiki. Anazama mtoni, anatoka, zimekauka na kile kishungi kimoja cha mbele kiko pale pale. Sehemu ishirini na tatu hajanyolewa, wala hazijaongezeka hata unywele. Sasa niambieni, binadamu gani nywele hazikui?

— Mzee, — alisema Kamusi.

— Maiti! Yule kijana hajaamka popote. Bado yuko bafuni kwake amelala kwenye sabuni. Yote yale, joka, ikulu, wanawake, ni ndoto ya sekunde moja kichwani mwa mtu anayeteleza. Bado anaanguka! Hajafika chini!

Hata Dada Vocha alisisimka mikono.

— Kumbe unaitazama na wewe, — Gundi alisema.

— Asubuhi, kabla sijafungua. Wateja huniachia flashi zao. Natazama bila sauti. Kwa ajili ya mitindo tu.

— Bila sauti! Umekosa kicheko cha mfalme!

— Kinakuwaje?

Gundi, mtu wa miaka hamsini na mitatu, mwenye binti mtu mzima, alijiinua kwenye kigoda, akaweka mkono mmoja kiunoni, akatupa kichwa nyuma, akacheka kama mfalme wa nchi ya uchawi: pumzi tatu fupi, moja ndefu, halafu kikohozi. Wapita njia wawili wakasimama. Spika alimtazama, akatazama kikombe chake, akakisimamisha bila kusema kitu, kama mtu anayelipa faini aliyoistahili.

— Mmenunuliwa wote! — Mwalimu alifoka. Alikuwa amebaki peke yake, mgongo umenyooka kama fimbo ya ubaoni. — Uzeni akili zenu! Mimi sitayumba. Kazi isiyo na maana ni kazi isiyo na maana.

Gundi hakumjibu kwa haraka. Alijua Mwalimu hashindwi kwa kelele. Alikuwa amefundisha darasa la watu sabini. Gundi alichukua kiatu tena, akashona pigo moja, akasema taratibu, kana kwamba anaongea na soli:

— Mimi ninayempenda kuliko wote si shujaa. Ni yule bwana wa kikapu. Anapita nyuma ya soko kabeba kikapu cha mikate. Wamemchora mara moja, wakamnakili kila mahali. Shujaa anasafiri miezi mitatu, anavuka bahari, anafika mji mpya, na yule bwana anapita na kikapu kile kile. Nimemwona miji mitatu.

— Mitano, — Mwalimu alisema.

Mwalimu alikuwa amefumba macho, kama mtu aliyesikia gilasi inavunjika na anajua ni yake.

— Mwalimu, — Dada Vocha alisema kwa upole wa hatari. — Miji mitano?

— Nilikuwa napita tu.

— Ulipita miji mitano?

— Kupinga kitu usichokisoma ni ujinga! — Mwalimu alifumbua macho, na sauti yake ilikuwa na joto ambalo benchi halikuwahi kulisikia hata siku ya fainali. — Nilitazama ili nipinge! Na kama mnataka kujua, ninyi wote mmekosea. Mpangaji, mabomba, maiti, upuuzi! Bwana wa kikapu ameonekana mara kumi na tisa. Ninazo kwenye daftari. Mara kumi na tisa, na kila mara shujaa yuko karibu kushindwa, na kila mara baada ya kikapu kupita, anashinda. Kikapu hakijapungua mkate hata mmoja. Mfalme hamwoni. Joka halimwoni. Anaingia ikulu bila kuulizwa! Yule ndiye mwenye nchi. Yule ndiye aliyeweka sabuni!

— Aliyeweka sabuni! — Kamusi alirudia, mikono kichwani.

— Na sehemu ya ishirini na nne, — Mwalimu aliendelea, kidole juu, — kikapu kitafunguliwa. Nawaambia. Kitafunguliwa!

— Kwa hiyo unataka kuiona, — Gundi alisema.

Mwalimu aliketi. Alitazama kikombe chake, kimelala chini kama kasa.

— Sikusema hivyo. Mwalimu hafuti ubaoni alichoandika kwa mkono wake.

Na akakiacha kifudifudi. Spika alipoinua chupa, ilitoa mlio wa kitu chepesi. Imebaki ya kikombe kimoja, labda viwili. Kesho binti atashuka kwenye basi saa nane. Atauliza, baba, tunaitazama wapi? Naye atasema, mwanangu, kuna marudio ya fainali.

Ndipo bibi mmoja akafika. Alikuwa anatembea kwa kuchechemea, mguu mmoja una kiatu, mwingine soksi, na kiatu cha pili kiko mkononi, soli inaning'inia kama ulimi.

— Hodi wanangu. Nani fundi hapa?

— Shikamoo bibi. Karibu, leta, — Gundi alisema, akampa kigoda chake.

— Mgeni njoo mwenyeji apone, — Kamusi alisema, na wote wakageuka kumtazama, maana tangu wamjue ilikuwa mara ya kwanza methali yake kutua mahali pake.

Bibi aliketi. Gundi akapaka gundi, akashikilia soli kwa kidole gumba. Bibi alikuwa mtu wa masikio.

— Nimewasikia tangu kule kona, — alisema. — Mnamsema kijana mmoja. Ameoa wanawake kumi na mmoja.

— Hajaoa bibi, anazimia, — Dada Vocha alimweleza.

— Maskini. Ana buti mbovu, nywele hazikui, na kuna bwana anamfuata na kikapu.

— Ndiye huyo huyo, — Mwalimu alikiri.

— Basi huyo kijana, — bibi aliuliza, — anaitwa nani?

— Anaitwa… — Gundi alianza.

Akamgeukia Spika.

— Anaitwa… — Spika alisema. — Mimi nilikuwa bila sauti. Kamusi?

— Anaitwa, ah, liko hapa ulimini. Yule msichana wa deraya anamwita "bwana wangu."

— Wote wanamwita "bwana wangu," — Gundi alisema. — Mfalme anamwita "shujaa." Maadui wanamwita "wewe." Joka linanguruma tu.

— Mwalimu, una daftari!

Mwalimu alikuwa tayari ameshalitoa mfukoni mwa koti, analifungua kwa kidole kilicholowa mate. Karatasi moja. Mbili. Saba. Bwana wa kikapu alikuwa na namba, tarehe, mji na upande alioelekea. Shujaa alikuwa ameandikwa "Kijana."

— Haiwezekani, — Mwalimu alinong'ona. — Sehemu ishirini na tatu. Nimefundisha watu elfu nne, namkumbuka kila mtoro kwa jina. Haiwezekani! Spika, nimiminie, nifikirie.

Alinyakua kikombe chake, akakigeuza, akakinyoosha mbele. Spika, naye akifikiri, akamimina. Chupa ikakohoa mara mbili, ikadondosha tone, ikadondosha jingine, ikanyamaza.

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha Dada Vocha akaweka mkono mdomoni.

— Spika, — alisema kwa sauti ndogo. — Chupa.

Spika aliipindua. Hakikutoka kitu. Akaviangalia vikombe kimoja baada ya kingine. Cha Dada Vocha, kimesimama. Cha Kamusi, kimesimama. Chake mwenyewe, kimesimama. Cha Gundi, kilichosimama tangu saa tisa. Na cha Mwalimu, mkononi mwa Mwalimu, wima, kimejaa mpaka mdomoni.

Mwalimu alikitazama. Kila mtu aliyaona mawazo yake yakipita: kukifudikiza ni kumwaga kahawa ya mwisho ya siku, mbele ya bibi mgeni. Alikisogeza kulia kidogo. Alikisogeza kushoto kidogo. Kisha akakiweka kwenye ubao, polepole, wima, na mwili wake wote ukalegea kama wa mtu aliyevua tai.

— Sheria ni sheria, — alisema. — Sikufuta ubao. Kengele imelia.

— Vitano kwa bila! — Spika alipiga kitana kwenye chupa tupu mpaka ikalia kama ngoma. — Hoja imepita! Kesho saa kumi, kwa sauti ya juu!

Kamusi alimkumbatia Mwalimu. Mwalimu alikubali kukumbatiwa. Dada Vocha alicheka kicheko cha mfalme, pumzi tatu fupi na moja ndefu, vizuri kuliko Gundi mwenyewe, kisha akapitisha simu yake dirishani.

— Shika, kaka. Mpigie mwanao.

Gundi alishtuka.

— Nani kakwambia?

— Kwa miaka miwili ulikuwa unanunua kwangu vocha ya dakika mbili. Wiki hizi unanunua ya saa nzima, na unarudi unatabasamu. Mimi nauza vocha, siuzi macho. Piga.

Gundi alifuta gundi vidoleni, akabonyeza namba aliyoijua kwa moyo. Iliitikiwa mara moja.

— Baba? Hii namba ya nani? Kuna nini?

— Kesho saa kumi, mama, — alisema. — Televisheni kubwa. Sauti ya juu. Na watu wanne zaidi, usiwacheke, ni wagonjwa kuliko sisi.

Kelele ya furaha ilitoka kwenye simu mpaka bibi akaisikia.

— Lakini niambie kwanza, — Gundi alisema, — yule kijana anaitwa nani?

— Si anaitwa… — Binti alinyamaza. — Baba, subiri. — Akamsikia anageuka, anaita chumbani, kwa sauti ambayo tayari ni ya muuguzi: — Jamani! Yule kijana wa buti, anaitwa nani?

Kitanda kililalamika. Mtu alisema "bwana wangu," mtu mwingine akasema "acha ujinga." Kisha, mbali, mmoja akaanza kucheka, wa pili akamfuata, na chumba chote kikalipuka. Katikati ya vicheko vile Gundi alikisikia cha mwanawe, kile cha kujikunja kama mtu anayeumwa tumbo, cha kwake mwenyewe, alichomrithisha bila kujua kuwa anacho. Akainua simu juu ili benchi lote lisikie.

Kwa mkono wa pili alimrudishia bibi kiatu chake. Bibi alikigeuza, akakikagua kwa makini kisigino na ncha, akahakikisha ni cha kulia, akakivaa.

— Saa kumi, mlisema? — aliuliza. — Niwekeeni nafasi. Nataka kujua jina la huyo mtoto.